SOMO LA KIKUNDI: FUNDI AKIHARIBU NYUMBA YAKO, UFANYE NINI?



Ni furaha kubwa mtu akibadilisha paa la nyumba yake. Nyasi zinashuka, mabati yanapanda, na majirani wanakuja kuona. Historia hii tunaijua sisi sote. Miaka ya 1960 na 1970 akina mama wa Mkoa wa Kati, kama ulivyoitwa wakati huo, waliungana katika vikundi ambavyo watu waliviita vikundi vya mabati. Walichanga kidogo kidogo, wakaezeka nyumba ya mmoja, halafu ya mwingine, mpaka zamu ikamfikia kila mtu. Hata leo vikundi vingi vinafuata njia hiyo hiyo: leo ni paa, kesho ni sakafu ya saruji, kesho kutwa ni tangi la maji.

Lakini kuna jambo moja ambalo hatulizungumzi sana mikutanoni. Fundi akiharibu je? Pesa zimekwenda, paa linavuja, plasta inabanduka, na fundi hashiki simu. Wengi wetu tunasema, "Basi, ni bahati mbaya," tunanyamaza. Wengine wanakasirika na kutaka kumpiga. Njia zote mbili hazirudishi hata shilingi moja.

Somo la leo linaonyesha njia ya tatu. Tunashauri mtu mmoja alisome kwa sauti, na mwisho wa kila sehemu msimame kidogo mwulizane maswali. Katibu aandike yale mtakayokubaliana.

1. KISA CHA MAMA MMOJA

Tulikutana na kikundi kimoja chenye wanachama 22. Mama mmoja wao, mjane, alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu na mabati yaliyokula kutu. Zamu yake ya mzunguko ilipofika, aliuza pia ndama wake, akapata pesa za kutosha paa jipya.

Fundi alikuja, akapima kwa macho, akasema, "Mama, hii ni kazi ndogo. Nipe Sh. 140,000, vifaa na ufundi ndani. Nitakuwekea geji 28, utasahau habari ya paa." Hakuna kilichoandikwa. Siku hiyo mama alimlipa Sh. 100,000: Sh. 70,000 kwa M-Pesa na Sh. 30,000 taslimu. Risiti hakupewa. Aliona haya kuiomba, kwa maana fundi ni kijana wa kijiji cha pili, na mama yake wanajuana.

Mabati yaliletwa jioni, yakapandishwa asubuhi. Hakuna aliyeyaangalia. Baada ya siku nne fundi alidai Sh. 40,000 zilizobaki. Mweka hazina wa kikundi, ambaye alikuwa akimshikia mama pesa hizo, alisema, "Ngoja kwanza mvua inyeshe." Neno hilo moja, kama mtakavyoona, lilikuwa na faida kubwa.

Mvua ilinyesha wiki iliyofuata. Paa lilivuja mahali tisa. Magunia manne ya mahindi yalilowa yakaoza. Kutazama vizuri, mabati yalikuwa geji 32 wala si 28. Misumari ilikuwa imepigwa kwenye mabonde ya bati, pale maji yanapopita, badala ya kwenye migongo. Na mahali bati linapolalia bati lingine, fundi alikuwa ameacha inchi mbili tu.

Fundi alipopigiwa simu alisema, "Nimalizieni pesa zangu, nitakuja." Halafu simu ikazimwa. Vijana wa kijiji wakasema, "Twende tukachukue pikipiki yake." Mwenyekiti akasema, "Hapana. Tukae chini kwanza."

Tutarudi kwa mama huyu baadaye. Kwanza tujifunze.

2. SHERIA INASEMA NINI?

Watu wengi hufikiri sheria ni ya wenye nyumba za ghorofa mjini. Si kweli. Ukimlipa mtu akufanyie kazi, hata kama ni kupaka chokaa chumba kimoja, sheria inakulinda.

Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 46 kinasema kwamba mtumiaji ana haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa. Ana haki ya kupewa habari za kumwezesha kufaidika nazo. Ana haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na mali yake. Na ana haki ya kulipwa fidia kwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro za bidhaa au huduma hizo. Kazi ya fundi ni huduma. Mabati ni bidhaa. Kwa hiyo kifungu hiki kinahusu paa la mama yetu.

Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Sheria hii inamchukulia anayeuza kitu au huduma kuwa ameahidi kwamba ni ya ubora unaofaa, hata kama hakulitamka neno hilo. Jambo la pili ni la makadirio. Ikiwa mapatano yenu yana makadirio ya bei, fundi hawezi kuja mwisho wa kazi na kudai zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo. Alikadiria Sh. 50,000? Basi asidai zaidi ya Sh. 55,000, isipokuwa ninyi wawili mmekubaliana juu ya kazi mpya au bei mpya.

Sheria ya mapatano. Mapatano ya mdomo ni mapatano. Usidanganywe na mtu akisema, "Hakuna karatasi, kwa hiyo hakuna kesi." Shida ya mapatano ya mdomo ni kuyathibitisha. Mmoja anasema geji 28, mwingine anasema geji 32, na mwamuzi hakuwako.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa. Ikiwa vifaa ulinunua wewe mwenyewe dukani na ni vibovu, au si vile ulivyoambiwa, mwenye kujibu ni mwenye duka. Ndiyo maana risiti ya duka ni mali. Iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo wengi huiita NCA. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Makandarasi wanatakiwa kuandikishwa nayo, na mafundi wenye ujuzi kutambuliwa nayo. Kabla ya kazi kubwa, kama jengo la kikundi au darasa la chekechea, mwulize mkandarasi namba yake ya uandikisho, na mwende kuihakikisha. Aliyeandikishwa akiharibu kazi, mnaweza kumpelekea malalamiko huko pia.

Mkumbuke tena: kubadilisha umbo la jengo au kuongeza vyumba, hasa sokoni na mjini, kunahitaji kibali cha kaunti. Ulizeni kwanza katika ofisi ya kaunti inayohusika na mipango ya ujenzi.

3. FUNDI NAYE ANA HAKI

Tusiwe watu wa kuona upande mmoja tu. Wako wenye nyumba wanaowadhulumu mafundi. Kazi imekwisha vizuri, mwenye nyumba anaanza kutafuta makosa ili asilipe. Huo ni wizi kama wizi mwingine, na fundi naye anaweza kukushtaki.

Pia kuna makosa ambayo si ya fundi. Ulinunua mwenyewe saruji iliyoganda kwa sababu ilikuwa ya bei ya kutupa? Fundi alikuambia plasta imwagiliwe maji kwa siku saba, na wewe ukasema maji ni ghali? Ulimkataza kuchimba msingi mpaka udongo mgumu? Hapo nyufa zikitokea, jiulize mwenyewe kwanza. Lakini fundi mzuri anayeona unakosea anatakiwa akuambie waziwazi, wala asinyamaze na kuendelea kupokea pesa.

Tena, mtofautishe kandarasi na kibarua. Mtu uliyepatana naye bei ya kazi nzima amechukua jukumu la kazi hiyo. Mtu unayemlipa kwa siku na kumwelekeza wewe mwenyewe huenda akahesabiwa kuwa ni mfanyakazi wako. Mzozo wa mwajiri na mfanyakazi una njia yake nyingine.

4. KAZI IKIHARIBIKA: HATUA SABA

Hatua ya 1: Simamisha malipo. Usimalizie pesa ili "kumpa moyo" fundi. Pesa zilizobaki mkononi mwako ndizo zenye nguvu kuliko maneno. Lakini mwambie sababu, usinyamaze tu.

Hatua ya 2: Hifadhi ushahidi. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa kitu: mahali panapovuja, nyufa, misumari, alama iliyopigwa kwenye bati. Andika tarehe. Weka kipande kimoja cha bati au cha plasta iliyobanduka. Tunza jumbe za M-Pesa. Ukiweza, omba taarifa ya malipo yako na uichapishe. Jumbe mlizoandikiana na fundi usizifute.

Hatua ya 3: Zuia hasara isiongezeke. Sheria haipendi mtu anayeketi akitazama mahindi yake yakioza. Hamisha vitu, funika kwa turubai, chimba mfereji wa kuondoa maji. Gharama ya turubai unaweza kuidai.

Hatua ya 4: Mwite fundi wa pili. Asiwe adui wa yule wa kwanza. Aangalie kazi, aandike kasoro moja moja na gharama ya kurekebisha kila moja, atie sahihi na tarehe. Lakini asianze kurekebisha bado! Ukishabomoa, ushahidi umekwenda.

Hatua ya 5: Mwandikie fundi wa kwanza barua. Mpe nafasi ya kurekebisha kwa gharama yake, kwa muda maalum. Siku 14 ni muda wa haki. Kama mvua iko mlangoni, siku 7. Barua iwe na nakala mbili. Yeye au mtu wa kwake atie sahihi nakala yako. Akikataa, shahidi aandike, "Nimeona barua ikipelekwa tarehe fulani, amekataa kutia sahihi."

Mfano wa barua:

"Kwa Bwana Fundi. Tarehe … tulipatana unibadilishie paa kwa Sh. 140,000, mabati ya geji 28. Nimekulipa Sh. 100,000. Kasoro ni hizi: (1) mabati ni geji 32, (2) misumari imepigwa kwenye mabonde, (3) bati limelaliana inchi 2 tu. Paa linavuja mahali tisa. Nakuomba uje urekebishe kwa gharama yako kabla ya tarehe … Usipofika, nitampa kazi fundi mwingine na kukudai gharama pamoja na hasara ya mahindi yangu. Wako, …"

Mnaona? Hakuna matusi. Barua hii anaweza kuisoma chifu, mchungaji, na hata hakimu.

Hatua ya 6: Tafuteni mapatano mbele ya watu. Katiba, kifungu cha 159, inataka mahakama zihimize njia za upatanishi, na zile za jadi pia, mradi hazivunji haki za mtu. Waweza kupitia wazee wa kijiji, naibu wa chifu, chifu, au viongozi wa kanisa ambao pande zote mbili zinawaheshimu. Kumbuka kwamba chifu ni mpatanishi, si hakimu. Hawezi kumfunga mtu kwa deni. Mkipatana, andikeni: kiasi gani, kwa tarehe gani, kwa njia gani. Wote watie sahihi pamoja na mashahidi wawili. Bila karatasi hiyo, mmepiga kelele tu.

Hatua ya 7: Mahakama. Ikiwa yote yameshindikana, nenda mahakamani. Tutaeleza hapa chini.

5. HESABU YA HASARA

Hapa ndipo wengi wanakosea. Mtu anadai pesa zote alizolipa, pamoja na gharama ya marekebisho, pamoja na "machungu". Madai ya namna hiyo yanaonekana ya tamaa. Hesabu ya haki inauliza hivi: je, kupata kile nilichoahidiwa kumenigharimu kiasi gani zaidi ya bei tuliyopatana?

Turudi kwa mama yetu. Fundi wa pili aliandika kwamba marekebisho ni Sh. 62,000.

Alizokwisha kulipa: Sh. 100,000
Marekebisho: Sh. 62,000
Jumla: Sh. 162,000
Bei ya mapatano: Sh. 140,000
Hasara ya paa: Sh. 22,000
Mahindi, magunia 4 kwa Sh. 4,000: Sh. 16,000
Madai yote: Sh. 38,000

Sasa angalieni hatari iliyokuwako. Mbele ya wazee fundi alikubali Sh. 70,000 za M-Pesa, maana hakuweza kuzikana. Lakini Sh. 30,000 taslimu alikataa. "Sikupewa," akasema. Kama wangemwamini, hesabu ingekuwa hivi: 70,000 na 62,000 ni Sh. 132,000. Hiyo ni chini ya bei ya mapatano kwa Sh. 8,000! Paa lisingekuwa na hasara yoyote ya kudai, na hata katika Sh. 16,000 za mahindi zingetolewa zile 8,000. Mama angebaki na madai ya Sh. 8,000 badala ya 38,000. Haya ndiyo matunda ya kuona haya kuomba risiti.

Kilichomwokoa ni daftari. Mweka hazina ndiye aliyemkabidhi mama zile pesa taslimu asubuhi ile, akaandika katika kitabu cha kikundi: tarehe, kiasi, na maneno "za fundi wa paa". Tena alikuwako fundi alipozihesabu chini ya mwembe, pamoja na mwanachama mwingine. Wazee walipoona kitabu na kuwasikia mashahidi wawili, fundi aliinamisha kichwa. Akakubali Sh. 38,000, alipe kwa awamu nne: 10,000 mara tatu, na 8,000 mwisho.

Na zile Sh. 40,000 alizozuia mweka hazina? Ndizo zilizomlipa fundi wa pili, na kikundi kikamkopesha mama Sh. 22,000 za kujazia. Paa likarekebishwa kabla ya kupanda.

6. MLANGO WA MAHAKAMA

Fundi alilipa awamu mbili, halafu akanyamaza. Mama alikata tamaa. "Mimi na mahakama wapi na wapi?" alisema. "Wakili nitamlipa na nini?"

Wengi hawajui kwamba kuna Mahakama ya Madai Madogo. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na ilianza kusikiliza kesi mwaka 2021. Mambo ya kukumbuka ni haya:

(a) Inasikiliza madai yasiyozidi Sh. 1,000,000. Paa, sakafu, choo na tangi la maji, karibu vyote vinaingia hapo.

(b) Inasikiliza madai ya mapatano ya bidhaa na huduma, ya mali iliyoharibiwa, na ya pesa mtu alizopokea kwa niaba ya mwingine. Haisikilizi mizozo ya umiliki wa ardhi wala ya kuajiriwa kazi.

(c) Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Ukiwa huwezi kufika, unaweza kuwakilishwa na mtu uliyempa idhini.

(d) Haifungwi na kanuni kali za ushahidi kama mahakama nyingine. Mwamuzi anataka kujua ukweli. Picha, barua, daftari la kikundi na mashahidi vinatosha kuanzia.

(e) Sheria inataka kesi imalizike kwa siku 60 tangu kupelekwa mahakamani.

(f) Asiyeridhika anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, lakini kwa jambo la kisheria tu, si kwa kurudia hadithi yote.

Ukienda, chukua kitambulisho, nakala ya mapatano, barua ya madai, ushahidi wa malipo, picha na taarifa ya fundi wa pili. Lazima ujue jina kamili la fundi na mahali anapopatikana, maana hati za mahakama zitampelekea yeye. Kuna ada ya kulipa, uliza masijala. Siku hizi hati nyingi zinaingizwa kwa kompyuta, kwa hiyo mchukue kijana wa nyumbani anayejua mambo hayo. Ikiwa mahakama hii haiko karibu nanyi, Mahakama ya Hakimu husikiliza madai kama hayo pia.

Ambaye hana uwezo anaweza kuomba msaada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda huduma ya taifa ya msaada wa kisheria, na inawatambua wasaidizi wa kisheria wa vijijini. Ulizeni kama yuko mmoja katika lokesheni yenu.

Usichelewe. Madai ya mapatano yanakufa baada ya miaka 6. Madai ya hasara iliyotokana na uzembe, nje ya mapatano, yanakufa baada ya miaka 3. Lakini mashahidi wanasahau mapema kuliko hapo, na mafundi wanahama.

Mama yetu alikwenda. Alidai Sh. 18,000 zilizobaki, na karatasi ya wazee ndiyo iliyokuwa ushahidi wake mkubwa. Fundi alipopelekewa hati, hakungoja siku ya kesi. Alileta pesa zote kwa mama, mbele ya mwenyekiti. Safari hii mama hakuona haya: risiti iliandikwa na wote wawili wakatia sahihi.

7. MAMBO YA KUEPUKA

Usichukue mali ya fundi kwa nguvu. Ukichukua pikipiki yake au vyombo vyake vya kazi, wewe ndiwe utakayeitwa kituoni. Haki yako itageuka kesi yako.

Usimpige wala usimtangaze mwizi sokoni. Kazi mbaya si lazima iwe wizi.

Usiwafanye polisi kuwa wakusanya madeni. Deni la mapatano ni la mahakama ya madai. Ni jambo lingine kabisa mtu akidanganya tangu mwanzo, kama kujifanya ana duka la mabati ambalo halipo, akapokea pesa akatoroka. Kupata mali kwa uongo namna hiyo ni kosa la jinai. Hapo nenda kituoni, uandikishe, na upewe namba ya OB.

8. KABLA YA KAZI NYINGINE

Ni afadhali kuziba ufa kuliko kujenga ukuta. Tunashauri kila kikundi kiwe na karatasi yake ya mapatano, moja tu, inayotumika kwa kila mwanachama. Iwe na mambo haya:

• Jina kamili la fundi, namba ya kitambulisho, simu na kijiji anakokaa.
• Kazi yenyewe kwa maneno wazi: vyumba vingapi, geji gani ya mabati, mbao za unene gani, mchanganyiko gani wa saruji.
• Nani ananunua vifaa. Tunaona ni heri mwenye nyumba anunue mwenyewe kwa risiti.
• Bei yote, tarehe ya kuanza na ya kumaliza.
• Malipo kwa hatua. Kwa mfano, ufundi ukiwa Sh. 40,000: 10,000 kuanza, 10,000 mbao za paa zikiisha, 15,000 mabati yakiisha, na 5,000 baada ya mvua moja kubwa au siku 30.
• Kasoro zikionekana, fundi atarekebisha bila malipo kwa muda gani.
• Sahihi za wote wawili na mashahidi wawili.

Tena mchague wanachama wawili wa kukagua. Mabati yakifika, wayahesabu na kusoma alama kabla hayajapanda. Wakumbuke: namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Waangalie alama ya ubora ya KEBS. Mfuko wa saruji uwe na kilo 50 na usiwe na mabonge. Bati lilaliane inchi 6 kwenye miisho, na misumari yenye mipira ipigwe kwenye migongo. Fundi mwaminifu hatachukia kukaguliwa. Atafurahi, maana kesho mtamsifu kwa wengine.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Katika kisa hiki, mama alikosea wapi? Kikundi kilikosea wapi?
2. Kwa nini tunaona haya kuomba risiti kwa mtu tunayemjua? Tufanyeje ili jambo hili liwe la kawaida?
3. Je, yuko kati yetu ambaye kazi yake iliharibika na akanyamaza? Miaka 6 imekwisha, au bado?
4. Je, yuko fundi ambaye sisi ndio tuliomdhulumu? Tunamrudishiaje haki yake?

KAZI YA MKUTANO UJAO

Katibu alete karatasi ya mapatano aliyoiandika kwa mkono, kikundi kiisome na kuirekebisha. Mweka hazina alete kitabu cha risiti. Mwanachama mmoja aulize Mahakama ya Madai Madogo iliyo karibu iko wapi na ada yake ni kiasi gani, kisha atuletee jibu.

Mama wa kisa chetu alituaga akiwa mlangoni kwake, mvua ikinyesha. Ndani kulikuwa kukavu. Alituambia, "Waambieni wenzangu wasiogope karatasi. Mimi nilidhani karatasi ni ya watu wasioaminiana. Kumbe ndiyo inayotufanya tuendelee kusalimiana." Kwa maana siku hizi yule fundi anapita hapo njiani, na wanajuliana hali.